Mbaya Kwanza: Mama Alipokwenda Kumfuata Mtabiri wa Dhoruba

Mbaya kwanza, kama nilivyofundishwa huko nilikotoka: hatukurudi na Khalfan, na tulipofika nyumbani tulikuta msiba. Haya, mmeshajua. Sasa hapana wa kunikatiza katikati akiniuliza "ehe, halafu?" roho i mkononi. Kaeni kitako niwasimulie mara moja tu, maana kila mmoja wenu, wa Matrah na wa Mombasa, keshaniuliza, na mie mdomo wangu mmoja.

Kwa asiyejua: Khalfan ni mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama. Alitoka Unguja kwenda kusoma Uingereza kabla ya mambo ya sitini na nne. Sie wengine tukaangukia Maskati, huku Sidab, nyumbani kwa Mjomba Seif, kaka yake Mama. Khalfan akaangukia pwani ya juu kabisa ya Skotlandi, na kazi yake ni kuwatabiria wavuvi dhoruba za baridi. Mwaka wetu wa mwanzo hapa Baba akashikwa na homa, akafariki. Khalfan alikuwa na mitihani. Mama akasema asiambiwe mpaka amalize. Akimaliza mmoja, ukija mwengine, na kila aliyekwenda Ulaya tukampa salamu zile zile: Baba hajambo, anakusalimu. Nyote mnajua ndivyo tufanyavyo, mtu aliye mbali havunjwi moyo. Mpaka siku moja, njiani London, mtu wa kwetu akamshika mkono akamwambia, "Pole kwa mzee, Mungu amrehemu." Hivo ndivyo alivyojua.

Tangu siku hiyo hakuja, wala hakusema kwa nini. Mama alingoja mpaka akachoka kungoja. Mwaka jana, sitini na tisa ukimalizikia, akasema anakwenda kumchukua mwenyewe. Mie nikabebwa kwa ajili ya Kiingereza changu cha ualimu.

Beit al-Falaj

Mjomba Seif alitusindikiza uwanjani asubuhi mapema, na bati la halwa amelipakata kama mtoto mchanga. Hewa nzuri, milima imetuzunguka, ndege ndogo imekaa inangoja. Rubani akasema mzigo umezidi. Mjomba akamwambia kwa Kiarabu, kisha kwa Kihindi, kisha kwa Kiswahili ambacho yule maskini hakijui hata neno, kwamba halwa si mzigo, ni heshima. Ikapakiwa.

Mjomba alikuwa na kikohozi siku zile. Mama akamwambia anywe tangawizi, asikae upenuni usiku. Akamjibu kuwa yeye anajua kujiuguza tangu Mama hajaota meno. Kisha akatuonyesha kile kibanda cha makuti pembeni ya uwanja. "Nitakupokeeni pale pale, kivulini," akasema. "Watatu." Mama akaitikia inshallah, akafunika uso kwa buibui, na mie nikajua analia.

Bahrein, tulikokaa bila kutaka

Bahrein tulikuwa tupite tu. Tukakaa. Ndege ya London iliharibika kitu, kila tukiuliza tunaambiwa baada ya kidogo, na hicho kidogo kikatulaza. Tulipewa chumba chenye mashine ya baridi ambayo Mama aliizima akaifunika na shuka, eti baridi atakwenda kuikuta mbele, haina haja ya kumfuata.

Kulikuwa na mzee mmoja mhudumu, Mhindi wa Goa, aliyewahi kukaa Unguja akishona suti Mkunazini. Aliposikia Kiswahili chetu alisimama na sinia lake mkononi akatuuliza kama yule muuza urojo wa pale pembeni yu hai. Mama akamjibu papo hapo: hajambo, mzima kabisa. Tulipobaki peke yetu nikamwambia, "Mama, yule si keshakufa zamani?" Akaniambia, "Sasa nimwambie hivo, na sinia mkononi?" Nilicheka sana. Sikujua kama nitakumbuka neno hilo baadaye.

Treni ya kaskazini

London siisemi. Tulishuka, tukaona moshi, tukapanda treni. Mama alikuwa amevaa soksi za Mjomba jozi mbili, koti la kuazima, na juu yake buibui, na juu ya buibui kanga. Watu walimpisha njia kama bibi harusi.

Ndani ya behewa letu aliketi bwana mmoja mnene na gazeti lake. Akatutazama, akasema leo kuna mawingu. Nikasema naam, kuna mawingu. Akaingia mwanamke, akasema huko mbele kuna theluji. Bwana akasema jana ilikuwa mvua. Wakanyamaza, wameridhika. Mama akataka nimfasirie. Nikamfasiria.

"Hawajaulizana hali?"

"Hawajaulizana."

Akawaza mpaka stesheni ya pili. Kisha akasema labda ndiyo khabari zao hizo, mtu akikwambia kuna mawingu basi na yeye hajambo sana. Akatoa mayai ya kuchemsha, mkate na tende, akawagawia. Walikataa mara moja, kama walivyofunzwa. Mama hakukubali, kama alivyofunzwa. Baada ya saa nzima yule bwana alikuwa anakula tende ya tatu, akikusanya kokwa kwenye kofia yake kwa kuwa hakujua azitupe wapi.

Kadiri tulivyopanda juu, nchi iligeuka nyeupe. Treni ikasimama mahali pasipo na nyumba. Tukaambiwa theluji imezidi kwenye reli na watu wanachimba. Mama akasema kumbe hata huku kuna kuchimba njia, alidhani ni kwetu tu. Jua likazama na sie bado hatujaswali alasiri vizuri. Huko adhuhuri, alasiri na magharibi zimebanana, ukikunja msala kidogo tu umekwisha chelewa.

Nyumba ya Mama Dugi

Khalfan alitupokea stesheni. Amekuwa mtu mzima, amepata kipara kidogo, na amevaa buti za mpira mpaka magotini. Alimbusu Mama mkono na kichwa, akaniita Da Asya kama zamani. Akauliza safari. Hakuuliza wa nyumbani. Mama akaanza mwenyewe kumsomea: kaka yako hajambo, shemeji yako hajambo, mjomba wako hajambo ana kikohozi kidogo tu. Khalfan akawa anaitikia "ehe, ehe", akitazama mawingu.

Alikuwa amepanga chumba kwa mwanamke mjane, na sie tukapewa chumba cha pili humo humo. Mwenye nyumba jina lake Jean. Mama alikataa katakata kuita jina la Jini ndani ya nyumba anayolala. Mwanawe alikuwa akiitwa Dougie, kwa hiyo Mama akamwita Mama Dugi, na mwenyewe, nilipomweleza kwamba kwetu mwanamke huitwa kwa mwanawe, alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Mume wake alichukuliwa na bahari. Dugi alikuwa ndiye huyo huyo, hana mwengine, na kazi yake mashua.

Wale wawili walipendana bila ya kujuana neno. Mama alipika pilau kwa mchele wa huko uliokuwa ukishikana kama ugali, na Mama Dugi akaupongeza. Mama Dugi alitupikia uji wa shayiri na chumvi, na Mama akala wote kisha akaniambia kwa Kiswahili, huku anatabasamu, kwamba Mwenyezi Mungu anamwona.

Khalfan peke yake ndiye aliyekuwa baridi. Adabu tele, lakini mbali. Mpaka tulipokuwa tunakula halwa ya Mjomba, Mama akaona wakati umefika, akamwambia, "Mwanangu, rudi nyumbani. Mie nimezeeka."

Khalfan akaweka kijiko. "Unaumwa, Mama?"

"Siumwi. Mie mzima."

"Na Baba alikuwa mzima hivo hivo," akasema. "Miaka alikuwa mzima, yumo kaburini. Sasa mkiniambia kitu cha nyumbani, mie nijuaje kama ni kweli?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Mama alifunika bati la halwa, akalifunika tena na tena, na wala halikuwa wazi. Nilimwonea huruma Mama, na Khalfan nikamwonea huruma, na mie mwenyewe nikajionea, maana niliona safari nzima imekwishia mezani pale.

Chumba cha mistari

Siku ya pili yake alitupeleka kazini kwake, nadhani kutafuta la kufanya tusiketi tukatazamana. Ni chumba kidogo juu ya bandari, madirisha pande zote, upepo unapiga hodi kutwa. Kuna kitu mfano wa saa, kina mshale mmoja, hakionyeshi wakati, kinaonyesha uzito wa hewa. Kuna mashine inayojipiga chapa yenyewe. Na kuna meza yenye ramani, na Khalfan akiinamia anachora mistari kwa penseli, mmoja ndani ya mwengine.

Mama akamtazama kitambo. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama ndiyo haya aliyosomeshwa. Kisha akamwambia mwanawe kuwa ya ghaibu anayajua Mungu peke yake, na yeye anaogopa.

Khalfan akacheka, mara ya kwanza tangu tufike. Akamvutia kiti. Akamwonyesha upande wa magharibi wa ramani, bahari tupu, na vialama vya meli humo. Akasema meli hizi zinaleta khabari: hapa hewa imekuwa nyepesi, hapa upepo umegeuka. Mistari ikibanana, upepo utakuwa mkali. "Mie sisemi ya ghaibu, Mama. Nnasema yaliyokwishawafika wenzetu kule. Dhoruba ishawapiga wao, sasa iko njiani inakuja kwetu. Kazi yangu ni kuwaambia watu kabla haijafika."

Akatusimulia alipoanza kazi. Wavuvi walikuwa wakipiga simu kuuliza hali ya bahari, na yeye akiwajibu kwa adabu za kwetu: asubuhi njema kabisa, bahari shwari, jua litakuwepo, ila jioni kidogo... Wao wakisikia "njema kabisa" wanakata simu wanakwenda zao. Siku moja mashua ilirudi imevunjika mlingoti. Mkubwa wake, bwana mmoja wa kimya, alimwita akamwambia neno moja tu: mbaya kwanza. Ukianza na mbaya, hata wakikata simu, wamelipata la kuwafaa.

"Na hawakukasirikii?" Mama akamuuliza. "Unampigia mtu na chai yake hajanywa, unamwambia dhoruba?"

"Wananishukuru," Khalfan akasema.

Mama hakuamini. Njiani kurudi aliniambia nchi hii baridi imewaingia mpaka kwenye ulimi.

Mkate wa Mama Dugi

Sasa sikilizeni hapa. Asubuhi moja mbingu ilikuwa safi, ya kupendeza, theluji inang'aa. Mama Dugi alikuwa amesimama tangu alfajiri akioka mikate, hajatia kitu tumboni. Dugi alikuwa ameteremka kwenda kwenye mashua yake, akatoe mitego yake ya kaa, tuonje kaa wa huko kabla hatujaondoka. Mashua yake haikai bandarini, inakaa upande wa nyuma wa mji, kwenye gati la zamani.

Simu ikalia, nikaichukua mie. Khalfan. Hakusema hata salama. Dhoruba imeongeza mwendo, itafika kabla ya adhuhuri, bandarini amekwisha waambia lakini gati la zamani halina simu. Mwambie Mama Dugi sasa hivi amzuie Dugi. Akakata.

Mama Dugi alikuwa jikoni. Mama akaniuliza kuna nini. Nikamwambia. Akanishika mkono, akanivuta nyuma ya mlango.

"Mwache ale kwanza," akasema. "Hajala kitu. Mtu hapewi khabari kama hiyo na tumbo tupu."

Na mie, msomi mzima, mwalimu wa watoto wa watu, nikanyamaza. Maana ndivyo tulivyolelewa, ndugu zangu. Msiba ukitokea kwetu mtu hupewa maji kwanza, hukalishwa, huulizwa safari. Miguu yangu ilijua hayo kuliko kichwa changu.

Mama akaingia jikoni. Akamkalisha Mama Dugi, akamkatia mkate wake mwenyewe, akampaka siagi, akammiminia chai. Mama Dugi akawa anacheka kwa kutumikiwa nyumbani kwake. Akala. Akanambia nimfasirie Mama kuwa Dugi amesema lazima apate kaa mkubwa, wa mgeni, hata ikibidi aende mbali kidogo. Na anacheka, na siagi kidogo imemkaa mdomoni.

Nikamfasiria Mama. Nikaona uso wake unabadilika. Alimtazama yule mwanamke anavyotafuna kwa furaha, amefichiwa, na wote chumbani wanajua isipokuwa yeye. Sijui Mama aliona nini pale. Mie nadhani alimwona Khalfan, London, anakwenda zake njiani, baba yake mzima.

Akampokonya kipande cha mkate mkononi. "Dhoruba!" akamwambia, akiashiria bahari, kisha dirishani, kisha njia ya gati. "Dugi! Dhoruba inakuja! Mwambie, Asya, mwambie!"

Nikasema kwa Kiingereza, na kiti cha Mama Dugi kikaanguka nyuma yake. Akatoka bila koti. Tukamfuata. Mama alikuwa amevaa buti za marehemu mume wa mwenye nyumba, kila moja ingeweza kumbeba yeye mzima, akiteleza anajishika ukutani, anasoma aya, anakimbia. Tulipofika juu ya gati, Dugi alikuwa keshafungua kamba. Mashua inakwenda, mashine inanguruma, ametupa mgongo. Mama yake akamwita. Nikamwita na mie. Hasikii.

Mama akavua kanga yake. Ilikuwa ile nyekundu yenye maua, ya sikukuu. Akaishika kwa mikono miwili, akasimama juu ya ukuta wa gati, buibui linapeperuka, theluji imemzunguka, akaipunga na kupiga kigelegele. Wallahi kigelegele, kwa kuwa ndiyo sauti ya mbali aliyokuwa nayo. Dugi akageuka. Akatazama. Alitueleza baadaye kwamba aliona kitu ambacho katika maisha yake yote hajakiona pwani ile, akafikiri ama kuna harusi ama kuna aliyekufa, akarudi kuuliza.

Alipokuwa anafunga kamba, upande wa magharibi mbingu ikawa nyeusi. Hatukuwahi kufika mlangoni kabla upepo haujatukuta.

Tulikaa jikoni, nyumba inatikisika, bahari inasikika kama inapita sebuleni. Dugi anakunywa chai. Mama Dugi amemshika bega tu. Kisha akanigeukia, wala si kwa ukali, akauliza: kwa nini mlinipa mkate kwanza? Nikamfasiria Mama. Mama akafungua mdomo, "Mwambie kwetu sie...", akasita. Akainama.

Khalfan alikuja alasiri, amejishika kuta mpaka nyumbani, koti limeganda. Mama akasimama. Nilidhani atampa taulo, atampa chai, atamuuliza kazi. Alimzuia pale pale mlangoni, maji yanamchuruzika.

"Khalfan," akasema, "baba yako amefariki."

Khalfan akaurudisha mlango nyuma yake.

"Amefariki kwa homa, nyumbani Sidab, Mjomba wako amemshika mkono. Alikuuliza. Mimi ndiye niliyesema usiambiwe. Si dada yako, si mwengine. Mimi."

Alijua yote yale, au karibu yote. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyepata kumwambia. Akavua kofia. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema, kama mtu anayepata khabari dakika ile, na akalia kwa sauti, mtu mzima yule na buti zake. Mama akamshika, wakakaa chini sakafuni. Akamweleza kila kitu: nani alimkosha, nani aliteremka kaburini, Baba alisema nini mara ya mwisho. Tukakaa matanga pale pale, juu ya zulia la watu. Mama Dugi hakujua kinachosemwa, lakini alimtazama Khalfan akajua ni nini. Akapakua supu, akatugawia, akaketi na sie chini.

Kurudi Sidab

Hakuweza kuondoka nasi. Baridi ndiyo kwanza ilikuwa katikati, dhoruba zimepanga foleni, na wanaojua kuzisoma pale ni wawili tu. Mama hakumlazimisha hata. Stesheni Khalfan akatupa utabiri wetu: mbaya, treni itachelewa; njema, hamtoiona theluji tena mkishavuka mpaka wa Uingereza. Akambusu Mama kichwani. Safari hii alimtuma salamu kwa kila mtu wa nyumbani, mmoja mmoja, kwa jina.

Tukateremka Beit al-Falaj adhuhuri. Kivulini pale, penye kile kibanda cha makuti, alisimama kaka yangu mkubwa, peke yake. Khabari? Njema. Mjomba? Yuko, tutamkuta. Mama akapanda gari, tukapita Ruwi, Matrah, mpaka Sidab.

Nyumbani wifi yangu Zuwena amefukiza ubani, ametandika busati, wali umepakuliwa, samaki, achari, kila kitu. Akatukumbatia. "Khabari za hapa ni njema, alhamdulillah. Njooni mle kwanza, mmechoka."

Mama hakuvua buibui. Akasimama kando ya busati.

"Anza na mbaya," akasema.

Wakatazamana. Zuwena akasema, "Mama, maji basi, hata maji..."

"Zuwena. Ni kaka yangu?"

Ndiyo, ni Mjomba Seif. Kile kikohozi. Walikuwa wamepanga tule, tulale, tuambiwe baada ya swala ya alfajiri. Mama akalia pale pale na vumbi la safari, kwa siku yake na wakati wake, na mie nikalia naye. Wali ukapoa.

Alipoweza kusema, akaniambia nipeleke telegramu kwa Khalfan siku ile ile, kabla mlango wa mji wa Maskati haujafungwa kwa usiku. Kaka yangu akasema, masikini, kwa mapenzi tu, si bora tungoje baridi iishe, mtoto yuko peke yake huko? Mama akanipa kalamu. Akanisomea maneno, hamna hata salamu: Mjomba wako amefariki. Mama yako analia.

Jibu lilikuja Maskati nikalichukua mwenyewe. Neno moja. Nikamsomea Mama upenuni, pale alipokuwa akikaa Mjomba: "Nnakuja."

Akataka nimsomee tena. Nikamsomea.

"Hakuuliza kama ni kweli," Mama akasema.